Nani Alimfundisha Nani Kubwaga? Mieleka ya Korea na Ndugu Zake

Kaa na wapenzi wa sanaa za mapigano, utaje Korea, halafu subiri. Muda si mrefu utapata kambi mbili. Kambi ya kwanza itakwambia Wakorea hawana chao: yudo ni judo ya Wajapani, hapikido ni aikido iliyoongezewa mateke, basi. Kambi ya pili itasema kinyume kabisa: eti Wakorea walikuwa na haya yote tangu zama za wafalme wa kale, Wajapani wakachukua, wakabadilisha jina, kisha wakarudi kuwauzia wenyewe.

Ungeweza kusema ni ubishi wa vijiweni tu. Lakini kumbuka kwamba kuanzia 1910 hadi 1945 Korea ilikuwa koloni la Japani. Miaka ya mwisho ya ukoloni huo watu walishinikizwa kuchukua majina ya Kijapani, na lugha yao ikasukumwa nje ya madarasa. Kwa taifa lililopitia hayo, kuuliza "mbinu hii ni ya nani?" si swali la michezo peke yake. Ni kuuliza kilichobaki ni kipi, na kipi tulipewa na aliyetutawala.

Hebu basi tulichukue swali hili kama watafiti. Twende taratibu.

Kufanana si lazima kuwa na undugu

Popo ana mabawa, kipepeo ana mabawa. Hakuna anayesema popo amezaliwa na kipepeo. Wote wawili wanaishi kwenye hewa ileile, na hewa ina masharti yake.

Mieleka nayo ina masharti yake. Mtu aliyesimama haanguki mradi mstari unaoshuka wima kutoka kitovu cha uzito wake unapita ndani ya eneo linalozungukwa na nyayo zake. Ukitaka kumwangusha una njia chache tu: umsukume au umvute mpaka mstari huo utoke nje ya nyayo, umwondolee mguu aliokuwa anauegemea (yaani umtie ngwala), au umnyanyue kabisa ili nyayo zisiwe na kazi. Kiuno chako kinakuwa egemeo, mikono yako inafanya kazi ya wenzo, na yeye ndiye mzigo. Kiwiko cha Mkorea na cha Mswisi vinakunjika upande uleule. Kwa hiyo ngwala ya Seoul na ngwala ya milima ya Uswisi zinaweza kufanana kama mapacha bila watu hao kuwahi kukutana.

Ushahidi wa undugu basi tunautafuta wapi? Kwenye mambo ambayo mwili haukulazimishi. Majina, herufi, mavazi, namna ya kuanza pambano, mpangilio wa mafunzo, na bila shaka maandishi yanayoonyesha nani alikutana na nani. Ni kama neno "meza". Kitu chenyewe, ubao wenye miguu, angeweza kukibuni yeyote. Lakini jina lake ndilo linalotuambia kwamba Wareno walipita pwani yetu.

Sirumu: mieleka ya mkanda

Mieleka ya jadi ya Korea huitwa ssireum. Hapa tutaandika sirumu. Wachezaji wawili huingia kwenye uwanja wa mchanga. Kila mmoja amefungwa kitambaa kirefu kiitwacho satiba, kinachozunguka kiuno na paja la kulia. Wanaanza wakiwa wamepiga magoti, kila mmoja ameshika satiba ya mwenzake na mabega yamegusana, kisha wanainuka pamoja wakiwa bado wameshikana. Atakayegusa mchanga kwa goti au sehemu yoyote iliyo juu ya goti amekwisha. Hakuna kupiga, hakuna kukaba shingo, hakuna kuendelea mkiwa chini.

Mbinu zake hugawanywa kufuatana na kinachofanya kazi: za mkono, za mguu, na za kiuno. Mkono unaweza kuvuta goti la mpinzani wakati bega linamsukuma. Mguu unaweza kunasa mguu wa mwenzako kwa ndani au kwa nje. Lakini inayopendwa na watazamaji ni ile ya kumnyanyua mtu mzima mzima kwa tumbo na kiuno, kisha kumgeuza hewani. Zamani sikukuu za vijijini zilikuwa na zawadi ya fahali kwa mshindi, na kwa mkulima fahali si kikombe cha kuweka kabatini. Ni jembe la msimu mzima.

Mchezo huu una umri gani? Huko Ji'an, kaskazini mashariki mwa Uchina, kuna kaburi la ufalme wa Goguryeo la karibu karne ya 5. Ukutani wamechorwa wanaume wawili chini ya mti, kidevu cha kila mmoja kikiwa begani kwa mwenzake, mikono imeshika kiunoni, na mzee mwenye fimbo anawatazama. Cha kuvutia ni kwamba mmoja wao ana pua kubwa na macho makubwa, na watafiti wengi humwona kama mgeni kutoka Asia ya Kati. Yaani hata kwenye picha ya zamani kabisa tuliyo nayo, mtu wa nje tayari yumo ulingoni.

Karne ya 14, Korea ikiwa chini ya kivuli cha Wamongolia, kumbukumbu za ufalme wa Goryeo zinamtaja mfalme Chunghye kuwa mpenzi mkubwa wa mieleka. Na karne ya 18 mchoraji Kim Hong-do alituachia picha maarufu: watu wameketi kwa duara, viatu vimevuliwa pembeni, mmoja wa wachezaji ameshanyanyuliwa, na muuza peremende anaangalia upande mwingine kabisa. Yeye amekuja kutafuta riziki, siyo mieleka.

Sumo, Mongolia na Uchina: binamu au majirani?

Kaburi lile la Ji'an huitwa kwa Kikorea Gakjeochong, kaburi la "gakjeo". Herufi za neno hilo ni za Kichina, na Wachina husoma jiaodi: kupigana pembe, kama mafahali. Wajapani nao wana njia ya kuandika "sumo" inayotumia herufi hiyohiyo ya pembe. Hapo tuna alama ya mawasiliano, maana herufi hazikulazimishwa na mwili. Lakini angalia: neno "ssireum" lenyewe ni la Kikorea, halikutoka Uchina. Kwa hiyo kilichosafiri kwa uhakika ni jina la kitabuni. Mchezo wa kijijini ulikuwa na jina lake.

Kuhusu Japani, kitabu cha historia kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilika 720, kinaeleza kwamba mwaka 642 walinzi wa kasri walishindana mieleka mbele ya mjumbe aliyetoka Baekje, mojawapo ya falme za Korea. Wapo wanaoishika habari hii na kusema: umeona, sumo imetoka Korea! Hapana. Inathibitisha kwamba Wakorea na Wajapani walitazama mieleka pamoja, na kwamba Wajapani tayari walikuwa na watu wa kuicheza. Haisemi nani alimfundisha nani.

Tofauti nazo zinasema. Sumo huanza wachezaji wakiwa mbali, wanagongana, na kusukumwa nje ya duara ni kushindwa. Mieleka ya Mongolia ya jadi haina duara wala madaraja ya uzito. Sirumu huanza watu wakiwa tayari wameshikana. Maelezo yanayoendana na ushahidi ni kwamba eneo zima, kutoka nyika za Mongolia hadi visiwa vya Japani, lilikuwa na mieleka ya kusimama, na watu wakawa wanaonana, wanapeana maneno na pengine mbinu. Huu ni ujirani wa muda mrefu, siyo ukoo wenye babu mmoja anayejulikana.

Yudo: hapa nasaba inajulikana

Tukifika kwenye yudo, ukungu unaondoka. Kano Jigoro alianzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, akichanganya shule mbili za jujutsu alizosomea na kuzipanga upya kwa ajili ya elimu. Judo ikaingia Korea mwanzoni mwa karne ya 20, na wakati wa ukoloni ikaenea. "Yudo" ni herufi zilezile mbili za "judo" zikisomwa kwa Kikorea, kama vile alama 7 sisi tunaisoma saba na Mfaransa anaisoma kivyake. Majina, sare, mikanda na taratibu vyote vinaelekeza upande mmoja. Kambi ya pili hapa haina pa kusimama.

Swali zuri zaidi ni hili: mkoloni alipoondoka 1945, kwa nini Wakorea hawakumfukuzia na judo yake? Walifanya jambo jingine. Waliipa maneno yao. Mbinu ya kumbwaga mtu kwa kupitisha begani ikaitwa kwa kitenzi kilekile anachotumia mama anapombeba mtoto mgongoni. Mwaka 1953 ikaanzishwa shule ya yudo, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Yong In. Kisha wakaenda kumkabili mwalimu.

Mwaka 1964 judo ilipoingia Olimpiki jijini Tokyo, Kim Eui-tae alipata shaba. Mwaka 1984 huko Los Angeles, Ahn Byeong-keun na Ha Hyung-joo wakaipa Korea Kusini dhahabu zake za kwanza za judo. Na mwaka 1996 huko Atlanta, binti wa miaka 16 kutoka Korea Kaskazini, Kye Sun-hui, akamshinda fainali Ryoko Tamura wa Japani, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa akimgusa. Kwa hiyo asili ya yudo ni Japani, hilo halina mjadala. Lakini asili na umiliki ni vitu viwili. Mpira wa miguu ulitoka Uingereza, ila nenda kawaambie Wabrazili si wao.

Hapikido: pengo katika vitabu

Hapikido ni kesi ngumu zaidi. Mwanzilishi wake, Choi Yong-sool, alipelekwa Japani akiwa mtoto na akarudi baada ya vita. Yeye mwenyewe alisema aliishi miaka mingi nyumbani kwa Takeda Sokaku, bingwa wa Daito-ryu, sanaa ya kukunja viungo na kubwaga. Huyuhuyu Takeda ndiye aliyemfundisha Ueshiba Morihei, mwanzilishi wa aikido. Na ndiyo, "hapikido" na "aikido" ni herufi tatu zilezile.

Tatizo ni moja. Takeda alikuwa mtu wa kumbukumbu: waliosoma kwake aliwaandika vitabuni. Jina la Choi halimo katika vitabu vinavyojulikana. Wanaomtetea husema mtoto wa Kikorea aliyekuwa mtumishi wa nyumba asingeandikwa kama mwanafunzi anayelipa. Wanaompinga husema hiyo ni hadithi ya baadaye.

Mtafiti afanye nini? Atenganishe maswali. Mbinu za viganja na viwiko za hapikido zinafanana na za Daito-ryu si kwa fizikia tu bali kwa mpangilio na mtindo. Kwamba Choi alijifunza mfumo huo Japani ni jambo la kuaminika. Kwamba alijifunza kwa Takeda mwenyewe, nyumbani kwake, hilo linasimama juu ya neno la Choi. Na tusisahau kwamba kutokuwepo kwa jina ni ushahidi dhaifu pale ambapo walioandikwa ni wenye hadhi. Historia ya watumishi kila mahali ina matundu ya namna hii.

Huko Daegu, mwanafunzi wake wa kwanza, Seo Bok-seob, alikuwa tayari ni mtu wa yudo. Baadaye Ji Han-jae, aliyekuja kuonekana pamoja na Bruce Lee katika filamu ya Game of Death, akaongeza mateke mengi. Kwa hiyo kambi ya kwanza nayo inakosea: hapikido haikutoka kwenye aikido. Ni ndugu wa aikido, mtoto mwingine wa nyumba ileile, aliyelelewa mtaa mwingine.

Mshale unaorudi

Wakati wote tunauliza nini kilitoka Japani kwenda Korea. Kumbe mshale ulirudi pia. Kim Sin-rak alizaliwa katika eneo ambalo leo ni Korea Kaskazini, akacheza sirumu ujanani, kisha akapelekwa Japani kwenye sumo. Aliacha sumo mwaka 1950 na kuanzisha mieleka ya kulipwa kwa jina la Rikidozan. Japani iliyoshindwa vita ilijaa mbele ya televisheni za mitaani kumwona akiwapiga Wamarekani. Alikuwa shujaa wa taifa, na ukorea wake ulifichwa kwa umma mpaka kifo chake 1963. Wanafunzi wake, Giant Baba na Antonio Inoki, waliubeba mchezo huo miongo iliyofuata.

Fikiria hapo: taifa linampenda mtu kwa sharti kwamba asiseme alikotoka. Ndiyo maana maswali ya asili huwa na uchungu kule.

Port Louis, 2018

Madaraja ya uzito ya sirumu huko Kusini yamepewa majina ya milima: Taebaek, Geumgang, Halla na Baekdu. Geumgang uko Kaskazini, na Baekdu uko mpakani mwa Kaskazini na Uchina. Mchezaji wa Kusini anaweza kuwa bingwa wa mlima ambao haruhusiwi kuupanda kutokea upande wake.

Mwezi Novemba 2018 kamati ya UNESCO ilikutana Port Louis, Mauritius, huku kwetu Bahari ya Hindi. Korea mbili zilikuwa na maombi mawili tofauti ya kuandikisha mieleka yao. Yakaunganishwa, na mchezo ukaingia kwenye orodha kama urithi wa wote wawili, mara ya kwanza kwa nchi hizo kuandikisha kitu pamoja. Jina rasmi lina mkwaju katikati, Ssirum/Ssireum, kwa sababu hata tahajia hawakubaliani.

Na ona namna walivyofaulu. Hakuna aliyetakiwa kuthibitisha nani alianza. Walichoonyesha ni kwamba watu bado wanaingia mchangani, wanapiga magoti, na wanashikana mkanda. Swali la nani alimfundisha nani lina majibu, na tumeona baadhi yake yako wazi kabisa. Ila jibu hilo halimpi wala halimnyang'anyi mtu haki ya kuuita mchezo wake.