Elimu Kabla ya Sindano: Upimaji wa Jeni za Moyo katika Lualaba

Upimaji wa jeni za moyo huhesabiwa kuwa kazi ya maabara: damu inatolewa, mashine inaisoma, jibu linarudi. Makala hii inatetea kwamba kwa mgonjwa wa Lubudi, mji wa saruji na reli mkoani Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maelezo anayopewa kabla ya sindano ni sehemu ya kipimo chenyewe. Yakikosekana, hata jibu sahihi litaeleweka vibaya.

Mgonjwa huyo haji mtupu. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu (SS), na karibu kila ukoo unamjua mtoto wa SS. Wengi wamejifunza kwamba mtoto huugua akirithi hitilafu kwa baba na kwa mama. Elimu hiyo ni kweli, lakini ikihamishiwa kwenye moyo inapotosha. Katika ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, unaokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500, kwa kawaida hitilafu ya mzazi mmoja hutosha, na kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Tena aliyeirithi anaweza kuzeeka bila dalili, huku mdogo wake akianguka ghafla uwanjani. Mwalimu wa afya aanzie kwenye SS, kisha aonyeshe wazi mahali njia zinapoachana.

Jambo la pili ni jibu lisiloamua. Hazina za jeni zinazotumika kulinganisha zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2016, Arjun Manrai na wenzake walionyesha kwamba nchini Marekani wagonjwa wenye asili ya Afrika waliwahi kuambiwa wana hitilafu ya ugonjwa huo wa misuli ya moyo, kumbe ni tofauti isiyo na madhara ambayo ni ya kawaida kwa watu weusi. Mkongo anayepimwa leo yumo katika hatari hiyohiyo, na pia anaweza kupata tofauti ambayo bado hakuna anayejua maana yake. Aambiwe mapema kwamba jibu la namna hiyo si hukumu, na kwamba linaweza kubadilika utafiti ukiongezeka.

Tatu, jibu safi halimaanishi moyo mzima. Shinikizo la damu, homa ya baridi yabisi na uzazi vinaweza kuuharibu moyo, na Lualaba ni nchi ya kobalti. Katika miaka ya 1965 na 1966, mjini Quebec, wanywaji wa bia iliyotiwa kobalti ili kuimarisha povu waliugua misuli ya moyo, na baadhi yao walikufa. Mkasa huo hauthibitishi kwamba wachimbaji wa Kolwezi, Lualaba, wanaugua vivyo hivyo, kwani kiasi na njia ya kuingia mwilini hutofautiana. Unamlazimu daktari, hata hivyo, kuuliza kazi ya mgonjwa kabla ya kuulaumu ukoo wake.

Elimu yenyewe haihitaji mitambo. Inahitaji saa moja, karatasi, na muuguzi anayezungumza Kiswahili cha nyumbani. Achore vizazi vitatu na kuuliza nani alizimia, nani alifia usingizini. “Papa, huyu unayemwita kaka, mlizaliwa tumbo moja, au ni mtoto wa baba mdogo?” Bila swali hilo mchoro wote unapinda. Kisha mgonjwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa, aamue nani katika familia ataambiwa, na ahakikishiwe kwamba mwajiri hatapewa jibu bila ridhaa yake. Familia isikie pia kwamba hakuna mzazi anayechagua jeni anayomrithisha mtoto. Pasipo neno hilo, lawama humwangukia mama, au mtu husingiziwa uchawi.

Kwa hiyo anayeagiza kipimo abebe pia wajibu wa kufundisha, na gharama ya saa hiyo ihesabiwe pamoja na gharama ya maabara. Hospitali isiyoweza kueleza kipimo haijawa tayari kukitoa. Na wakati inapojiandaa, ekografia ya moyo kwa ndugu wa damu wa mgonjwa itawafaa zaidi kuliko karatasi wasiyoielewa.