Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wetu wa pwani waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone", walimhesabu mgeni kuwa ni tabibu: akiingia yeye, nyumba hupata uhai. Mwaka 2020 methali hii ilipinduka. Mgeni akawa ndiye anayekhofiwa kuleta maradhi, hata kama mgeni huyo ni mke wa mtoto wa nyumbani.

Khofu hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru watokao penye tauni wakae nje kwa siku 30. Baadaye siku hizo zikafika 40, na kutokana na hesabu hiyo Wataliani wakatupatia neno karantini. Hapa Unguja, kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliangamiza watu wengi mno, na daktari James Christie, aliyekuwapo mjini, alitoa kitabu juu ya msiba huo mwaka 1876. Kisiwani Changuu lilijengwa jela mwaka 1893, lakini halikupata wafungwa. Waliokuja kulazwa huko ni wasafiri wa vyombo, waliosubiri mpaka ithibitike kuwa hawana maradhi ndipo waruhusiwe kuvuka.

Lakini, msomaji, pwani ina utengo wake pia. Maarusi hukaa fungate siku saba, na mzazi hukaa ndani siku arubaini. Anayetengwa hivyo haachwi peke yake: jamaa humpikia, humkanda, humfukizia udi na kumbishia hodi. Karantini ya dola humwondoa mtu mikononi mwa jamaa. Fungate humtia mikononi mwao.

Mpwa wangu anayeishi Uingereza alioa huko mwaka 2019. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alitaka jambo moja tu: kumwona mke wa mjukuu wake na kumvisha kanga kwa mkono wake. Safari ilipangwa iwe Aprili 2020. Mwezi wa Machi serikali yetu iliamuru watokao nchi zenye maradhi wakae siku 14 karantini kwa gharama zao, na tarehe 12 Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa.

Mlango wetu ulifunguliwa tena tarehe 18 Mei 2020. Uliofuata kufungwa ni mlango wa kurudia. Januari 2021 Uingereza iliizuilia Tanzania, na kuanzia tarehe 15 Februari kila aliyeruhusiwa kurejea kutoka kwetu alilazimika kukaa hotelini siku 10, kwa pauni 1,750 mtu mmoja. Mwezi wa Agosti bei ilipanda ikawa pauni 2,285, na mtu mzima wa pili wa chumba hicho hicho aliongezewa pauni 1,430. Kwa vijana wenye mshahara wa kawaida, kuja kumsalimu bibi kukawa ni deni la mwaka mzima.

Wakazungumza kwa simu. Mama alimfundisha mke wa mjukuu wake kuitikia "marahaba", naye akakosea, wakacheka. Kila siku mama aliuliza, "Lini?" Akafariki Septemba 2021, kwa uzee. Tanzania iliondolewa katika orodha ile tarehe 11 Oktoba.

Walifika Disemba. Dada yangu ndiye aliyeifungua kanga ile, iliyokuwa imekunjwa pamoja na asumini zilizokwisha kukauka. Mke wa mpwa wangu akajifunga, akakaa juu ya kitanda cha marehemu, na kina mama wa mtaa wakaingia mmoja mmoja kumpa mkono, kama afanyiwavyo bi arusi.

Sisemi kuwa mipaka ilifungwa bure. Maradhi yale yaliua. Nasema tu kuwa waliopima siku na kutoza pauni hawakuwa na kipimo cha mkono wa bibi. Changuu msafiri alisubiri, kisha akavuka. Mama yeye alisubiri upande huu, na hakuna aliyemhesabu kuwa naye yumo karantini.