Jiko la chomboni

Jiko la chomboni ni jiko la kupikia ndani ya mashua, dau, jahazi au yoti. Katika mwambao wa Dar es Salaam, kuanzia Mbweni, Kunduchi na Msasani upande wa Kinondoni hadi fukwe za kusini zilizokuwa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, namna iliyozoeleka ni kasha la mbao au debe lililokatwa ubavu, likatiwa mchanga, na juu yake mafiga au jiko la mkaa. Ngalawa haina nafasi ya kugeuka, sembuse ya kupika. Wenyewe hula walichobeba.

Anayechagua jiko aitazame kwanza ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Nyumbani, kinachovuja hutokea mlangoni. Chomboni hushukia ngamani na kubaki humo. Gesi ya mitungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa, na sehemu 2 hivi katika 100 za hewa zatosha kuwaka. Harufu yake hutiwa makusudi ili mtu ashtuke, lakini gesi ikiwa imetulia chini ya mbao, pua haiipati mapema. Yoti huweka mtungi katika kasha lililozibwa, lenye tundu chini linalotolea nje ya ubavu. Mashua haina kasha hilo. Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu ni rahisi kubeba, na serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa nyumba ya Mbagala ni jambo jema. Kwa ngama ni habari nyingine.

Jiko la mafuta ya taa lenye tambi halifai kabisa. Chombo kikilala, mafuta humwagika penye moto, na anayekimbilia ndoo ya maji huharibu zaidi: mafuta huelea yakiwaka, yakafika kwenye mataruma na pamba ya kalafati. Moto huo hufunikwa kwa gunia lililolowa. Jiko la pampu la aina ya Primus, lililobuniwa Uswidi mwaka 1892, lina tangi lililofungwa, hivyo ni afadhali sana. Aliyezoea kuwasha karabai ya kuvulia dagaa analijua tayari. Kazi ni ile ile ya kulipasha moto kwanza ndipo upige pampu.

Kwa mashua iliyo wazi, mkaa juu ya mchanga bado ni chaguo la busara, hata kama hauna sifa mjini siku hizi. Kasha hufungwa kwa kamba upande wa demani, unakoelekea upepo, ili cheche ziangukie baharini. Tanga la turubai la plastiki hutobolewa na kaa moja. Hatari huja mvua inaponyesha, mabaharia wakajifunika turubai pamoja na jiko. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na mtu huishiwa nguvu kabla hajajua. Kwa sababu hiyo hiyo yoti yenye chumba haitiwi mkaa.

Kwa jiko lolote, kwa kuwa chombo huyumba, sufuria iwe ya kina, yenye mfuniko wa kubana, na isijazwe kupita nusu.