Kabureta ya pili kwenye Ford ya bei nafuu

Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa mwendo wa pistoni zake tu. Anayetaka kuiongezea nguvu bila kuibomoa yote hana njia nyingi: apanue pa kuingilia hewa, apanue pa kutokea moshi, au aongeze kompresheni. Vipuri vya kufungua na kufunga kwa spana vimekuwa vikizunguka hapo hapo kwa zaidi ya miaka 100.

Biashara hiyo ilianzia kwenye Ford Model T. Kati ya 1908 na 1927 yalitengenezwa magari zaidi ya milioni 15, yenye injini ya nguvu farasi 20. Soko lilikuwa tayari: wamiliki wengi, gari moja, malalamiko yale yale. Louis na Arthur Chevrolet, waliokuwa wamekwisha kuachana na kampuni iliyobaki na jina lao, wakatoa silinda hedi iliyoitwa Frontenac. Fundi aling'oa hedi ya kiwandani, akafunga hiyo yenye valvu juu. Mwaka 1923 Ford yenye hedi ya Frontenac ilimaliza ya tano katika mbio za maili 500 za Indianapolis, mbele ya magari yaliyojengwa kwa fedha nyingi. Naam, akina Chevrolet ndio walioipa Ford mbio.

Utundu wenyewe ulikolea baada ya 1932, Ford ilipotoa V8 ya nguvu farasi 65 kwa bei ya mtu wa kawaida. Ili kupunguza gharama, valvu ziliwekwa ndani ya bloki, kando ya silinda, na hedi ikabaki bapa kama kifuniko cha sufuria. Moshi ulilazimika kupita ndani ya bloki, katikati ya maji ya kupoozea, na silinda mbili za katikati za kila upande zilitumia tundu moja la kutolea. Ndiyo maana injini hizo zilisifika kwa kuchemsha. Hewa nayo iliingia kupitia kabureta moja kwa silinda zote 8.

Vijana wa kusini mwa California walinunua Ford hizo zikiwa zimekwisha tumika, wakang'oa madigadi na kwenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na Rosamond. Mmoja wao alikuwa Vic Edelbrock, fundi wa gereji aliyetoka Kansas. Alibuni manifoldi, yaani bomba la kugawia silinda hewa, ya kubeba kabureta mbili, ikaitwa Slingshot. Kabureta iliyopendwa ilikuwa Stromberg yenye namba 97 ubavuni: ndio upana wa koo lake, inchi 0.97, kama milimita 25 hivi. Ukifunga mbili, njia ya hewa inakuwa maradufu. Lakini kabureta mbili juu ya ekzosi ile ile iliyobana ni kuchoma petroli bure, na wenye akili waliongeza hedi za aluminiamu zenye kompresheni kubwa pamoja na mabomba mapana ya moshi. Mwaka 1941, huko Rosamond, Ford ya Edelbrock ilifikia maili 121.42 kwa saa, karibu kilomita 195.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Edelbrock akatoa katalogi ya vipuri vyake, na 1948 jarida la Hot Rod, la wapenda magari ya namna hiyo, likaanza kuuzwa Los Angeles kwa senti 25. Kwangu mimi, hatua kubwa zaidi ilikuja 1949, Edelbrock aliponunua mashine ya kupimia nguvu za injini. Tangu hapo kipuri kiliweza kuthibitishwa kwa namba kabla ya kuuzwa. Wapo Nairobi na Dar wanaopima hadi leo kwa kelele za ekzosi, na majirani wanalijua hilo.

V8 ya Chevrolet ya 1955, yenye valvu juu na njia pana tangu kiwandani, iliishusha Ford ile kwenye kiti chake. Kisha zikaja sheria za hewa safi na kompyuta za kugawa petroli. Magari mengi ya sasa yanatoka kiwandani yakiwa yanapumua vizuri, na kichujio cha wazi kinachovuta hewa ya moto chini ya boneti kinaweza hata kupunguza nguvu. Huko California, kipuri cha kuongeza nguvu kinachogusa mfumo wa kudhibiti moshi sasa kinahitaji namba ya kibali kutoka bodi ya hewa ya jimbo, na mkaguzi huitafuta anapofungua boneti.