Msalaba wa shaba katika shamba la muhogo

Mtu analima muhogo kandokando ya ziwa Kisale. Jembe linagonga kitu kigumu. Anafikiri ni jiwe, anakiinua, anaona rangi ya kijani. Anakipangusa kwa kidole na kumbe ni shaba, mukuba, yenye mikono minne. Katika bonde la Upemba, mkoa wa leo wa Haut-Lomami, vitu vya namna hii vimetoka udongoni mara nyingi, na mara nyingi aliyevitoa alikuwa mkulima au mtu anayechimba msingi wa nyumba yake.

Tumesikia wengine wakiuona msalaba ule wanasema: "Basi mapadri walifika huku zamani!" Hapana. Wareno walifika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, na misalaba ya kwanza ya bonde letu ilikuwa imekwisha kuzikwa pamoja na wenyewe kabla ya hapo. Umbo lile linafanana na msalaba wa kanisa, lakini asili yake ni nyingine. Ni umbo la feza ya bankambo.

Namna gani tunajua kwamba ilikuwa feza? Hapo ndipo penye jambo kubwa, na tunaomba msomaji asipapite haraka.

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa arkeolojia, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walichimba makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Kuanzia miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea na kazi ile, Sanga na mahali pengine pa bonde. Kwa jumla makaburi mamia yamefunguliwa kwa utaratibu, kwa brashi na kijiko, na kila kitu kikachorwa pale pale kilipolala kabla ya kuguswa. Wakaona hivi: katika makaburi ya zama wanazoziita Kisale, mpaka karne ya 13 hivi, shaba ni nyingi lakini ni ya kujipamba, bangili na mikufu, misalaba ni michache. Katika zama zilizofuata, Kabambe, misalaba inaongezeka. Kwanza ni mikubwa na haifanani. Baadaye inakuwa midogo midogo, mingi, inakaribia kipimo kimoja, nayo imewekwa karibu na mikono na viuno vya marehemu, mingine imefungwa mafungu.

Fikiri sasa. Kitu kikubwa kimoja mtu anaweza kukiweka kama heshima. Lakini vitu vidogo vingi vyenye kipimo kimoja, vimefungwa na kuwekwa pale mtu anapobeba mfuko wake, hivyo ni vya kuhesabu. Ni vya kununua samaki na chumvi, vya kulipa mahari. Historia yote ile ya soko la bankambo haikuandikwa juu ya shaba yenyewe. Iliandikwa katika mahali pake: mkononi au kiunoni, mmoja au ishirini, ndani ya kaburi la zama gani.

Tena bonde la Upemba halina shaba. Ilitoka kusini, zaidi ya kilomita 200, kwenye vilima vya malakiti ambako Union Minière ilikuja kuanzisha viwanda vyake mwanzoni mwa karne ya 20. Kule mafundi walichimba wakati wa kiangazi, kazi ya shamba ikiisha. Waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru ya udongo, kwa makaa na mivukuto, halafu wakamimina shaba katika kalibu yenye umbo la msalaba. Waliitwa "wala-shaba", maana kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Siri ya tanuru ilikaa ndani ya jamaa, na ilikuwa na masharti yake. Katika karne ya 19 misalaba mikubwa bado ilitembea katika biashara. Yeke chini ya Msiri walitawala njia zake kutoka Bunkeya mpaka alipouawa, Desemba 1891. Kisha ikaja feza ya Mbeleji, na msalaba ukabaki picha: mwaka 1961 serikali ya Katanga iliyojitenga iliuchora kwenye sarafu zake za franga 1 na franga 5. Hata jina la mkoa wetu, mpaka 1997, lilikuwa Shaba!

Turudi kwa mkulima wetu. Afanye nini na kile kitu? Mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakipima kwa kilo, pamoja na nyaya na sufuria zilizotoboka. Mwingine, mjanja zaidi, anajua kwamba Ulaya kuna watu wanaopamba nyumba kwa vitu kama hivi. Anatoa franga kidogo zaidi na haulizi kimetoka wapi. Sisi hatumhukumu mkulima. Mtoto wake anadaiwa karo ya shule, na hakuna aliyemwonyesha faida nyingine.

Sasa kuna na ile mashine ya kutafuta metali, fimbo yenye duara chini, ambayo inalia ikipita juu ya chuma au shaba. Watafuta-dhahabu wa nchi nyingi za Afrika wanaijua. Inasikia vizuri vitu vilivyo karibu na uso wa ardhi, na shaba inailiza sana. Lakini inasikia metali tu. Haisikii mfupa, haisikii chungu kilichowekwa kichwani pa marehemu, haisikii kamba iliyooza. Mwenye mashine anachimba tundu pale panapolia, anatoa msalaba, anapita kati ya vingine vyote kama nguruwe katika shamba la mahindi. Uingereza wanayo desturi ya kutembea na mashine hizo katika mashamba yaliyolimwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na tangu 1997 kuna utaratibu wa kuandikisha vilivyopatikana na mahali vilipopatikana. Vitu zaidi ya milioni vimeandikwa. Ufaransa, sheria ya 1989 inakataza kutafuta vitu vya kale kwa mashine bila ruhusa. Kwetu sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya mali ya utamaduni ilitaka ruhusa kwa kuchimba, na tangazo kwa anayepata kitu kwa bahati. Ni watu wangapi kijijini waliowahi kuisikia? Tena, mara nyingi panapolia mashine ni kaburi. Hilo halihitaji sheria ya Kinshasa kueleweka.

Mzee mmoja wa upande wa ziwa alituonyesha msalaba aliouokota shambani akiwa kijana. Tulimwuliza kwa nini hakuuza. "Ile njo franga ya bankambo," alisema, "ntauza namna gani franga ya mwenye alikufa?" Lakini kilichotufurahisha zaidi kilikuja baadaye. Alituongoza mpaka shambani, akasimama chini ya mwembe, akahesabu hatua kuelekea ziwa, akapiga ardhi kwa fimbo: "Hapa. Ulikuwa wa kulala, pembeni ya chungu. Chungu niliacha." Muhogo ulikuwa umesimama juu yake. Tulitoa daftari, tukaandika mwembe, hatua, na chungu.