Meno ya Chuma na Sufuria ya Githeri

Githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ikitokota jikoni Nyeri, hakuna anayetazama saa. Shosho, yaani bibi, huchota punje moja ya maharagwe kwa mwiko, akaipuliza, akaibonyeza kati ya gumba na kidole cha shahada. Ikipondeka, imeiva. Ikikaza, kuni zaongezwa.

Na kuni huliwa kwelikweli, kwa sababu ya mwinuko. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa, hivyo punje huchelewa kuiva. Katika mji wa Nanyuki, ulio juu zaidi, hali ni ngumu zaidi kidogo. Sugu hasa ni maharagwe yaliyokaa sana ghalani penye joto na unyevu. Ndiyo maana wapishi wengine hutia magadi: sodiamu yake hulegeza gundi inayoshikanisha seli za punje.

Ng'ambo, kazi ya kidole na jino ilikabidhiwa mashine mapema. Mwaka 1946 Sante Mattson wa Uswidi, akichunguza njegere kavu, alieleza chombo chenye safu ya vijiti vya chuma, kila kimoja kimesimama juu ya punje ndani ya maji ya moto. Punje ikilainika, kijiti huizamia na kuanguka.

Miaka ya 1950 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walichukua meno ya bandia, ya juu na ya chini, wakayafunga kwenye taya la mtambo na kupima kwa umeme nguvu ya kila tafuno. Meno yasiyo na mwenyewe, yakitafuna peke yake mezani! Mwaka 1963 kampuni ya General Foods iliacha sura ya meno ikabakiza mwendo wake: kipande cha mashine hushuka, huuma chakula, huinuka, huuma tena. Siri iko katika kuuma mara ya pili, maana hapo ndipo hujulikana kama chakula bado kinashikana au kimesambaratika. Mashine za leo za maabara bado zinafuata mwendo huo.

Nyumbani, watafiti wa Chuo Kikuu cha JKUAT, Juja, wakishirikiana na KU Leuven cha Ubelgiji, wamechunguza kwa miaka mingi kwa nini maharagwe yetu hugoma kuiva. Wamechemsha aina nyingi na kuandika muda wa kila moja. Na ili kuamua kama punje imeiva, baadhi yao waliitoa majini, wakaibonyeza kati ya gumba na kidole cha shahada.