Mageuzi ya Makosa ya Kingono: Hatua Fupi Zilizofika Mbali

Kila inapotajwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, husimuliwa kwamba mswada wa Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, ulikuwa mapinduzi, kwamba wabunge wanaume waliunyofoa, na kwamba kilichopita kilikuwa makombo. Wanaosimulia hivyo huwalaumu wanamageuzi kwa kukubali nusu badala ya kushikilia mswada mzima. Hukumu moja isiyotajwa sana, iliyotolewa na Mahakama Kuu hapa Eldoret mwaka 2014, inatupa sababu ya kulipinga dai hilo. Yaliyotafutwa kidogo kidogo yamesimama imara. Lililorukwa kwa mkupuo mmoja ndilo linalozitatiza mahakama hadi leo.

Mapinduzi yenyewe yalikuwa yametengenezewa njia. Tangu ukoloni, mahakama zilitaka neno la mwanamke aliyebakwa liungwe mkono na ushahidi mwingine. Baadaye Mahakama ya Rufaa ilitangaza kwamba sharti hilo linawabagua wanawake kinyume cha Katiba. Mwaka 2003 Bunge liliongeza umri wa msichana anayelindwa dhidi ya unajisi kutoka chini ya miaka 14 hadi chini ya 16, na upeo wa adhabu ukawa kifungo cha maisha, hakimu akiachiwa kupima. Kwa hiyo mswada wa 2006 ulipofika ulikuta ukuta uliokwisha kupata nyufa. Mjadala wake ulikuwa mchungu, hata wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Ubakaji ndani ya ndoa, ukeketaji na kuhasi kwa kemikali vikaondolewa, kisha kikaingizwa kifungu cha 38, kilichomtishia mlalamishi aliyeonekana kusema uongo kwa adhabu ileile ya kosa alilolidai. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria kamili ya kupiga marufuku ukeketaji. Mwaka 2012 kifungu cha 38 kilifutwa. Mwaka 2015 sheria ya kukinga dhidi ya dhuluma za nyumbani ilitambua ukatili wa kingono katika ndoa na kuruhusu amri za ulinzi.

Sasa tulinganishe na lile lililorukwa. Sheria ya 2006 ilimhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto asiyeweza kuridhia, ikaweka vifungo vya lazima: maisha kwa kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, miaka isiyopungua 20 kwa wa 12 hadi 15, na isiyopungua 15 kwa wa 16 na 17. Kesi ya Eldoret ilimhusu mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kumnajisi msichana wa umri uleule, ingawa walikuwa wameridhiana. Kwa kipimo cha 2003, shtaka hilo la unajisi lisingekuwapo. Mahakama ilikataa ombi la kuitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa wakataka taifa lijadili upya umri wa kuridhia. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba vifungo vya chini vinabaki mpaka Bunge livibadilishe. Miaka 18 baadaye, majaji walikuwa bado wanabishania kipengele ambacho hakikuachiwa nafasi ya kupimwa kidogo kidogo.

Atajibu mtu kwamba mwendo wa polepole hulipiwa na walioumizwa, na hoja hiyo ina uzito. Kifungu cha 43(5) bado kinamzuia mke kumshtaki mumewe kwa ubakaji, na amri ya ulinzi si hukumu ya jinai. Hata hivyo, mswada uliokufa mzima usingemlinda mke huyo, na ungemwacha bila ulinzi pia mvulana aliyebakwa, ambaye sheria ya zamani haikumtambua hivyo. Wanaosema vifungo vikali vya lazima ndiyo heshima pekee kwa mtoto wanastahili jibu fupi: mtoto wa miaka 16 anayeketi kizimbani naye ni mtoto. Kazi iliyobaki Bungeni ni marekebisho mawili: kuwaondoa vijana wa rika moja kwenye mashtaka ya unajisi, na kukifuta kifungu cha 43(5). Kila moja lipelekwe kwa mswada wake, ili lisiangushwe na uzito wa lingine.